Shingoni

Saa kumi na mbili na robo tuko chini ya mlima:
mimi, Bwire wa ofisi ya vipimo, na binti yangu Nkwimba,
viatu vipya vinalia kwi kwi kama vifaranga wa dukani.
Bwire ana fimbo ya kukunja
na saa inayomhesabia mapigo ya moyo.
Mimi nimebeba maandazi saba na uongo mmoja:
kwamba njia hii naiona leo kwa mara ya kwanza.

Mwanza bado inapiga mswaki.
Ziwa limelala, rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
kivuko cha Kamanga kinachora mstari mweupe
na mstari unajifuta wenyewe.

Njia haina adabu. Haizunguki.
Inapanda kati ya nyumba na jiwe, jiwe na choo, choo na jiwe,
inapita dirishani mwa watu karibu kiasi cha kusikia
nani anakoroma, nani ameishiwa chumvi.
"Hodi," anasema Bwire, "hodi, hodi,"
mpaka sauti inatoka nyuma ya pazia:
"Pita tu, baba. Hii ni barabara."

Hatua ya mia mbili na kumi, magoti yangu yanaanza kusema Kisukuma.
Pimbi wawili juu ya jiwe wanatutazama
kama makarani waliokwisha funga dirisha.
Halafu mama mmoja anatupita,
ndoo kichwani, maji hayatikisiki,
mtoto mgongoni shavu limebonyea kwa usingizi.
"Mwangaluka," anasema, hasimami.
"Mwangaluka," nimeshaitikia,
imenitoka kama kikohozi.

Nkwimba ananitazama.
Natazama kamba za viatu.

Juu ya nyumba ya mwisho hakuna kivuli,
ni jiwe tupu, na nyufa, na ukoka ulioshikilia nyufa.
Tunapanda kwa viganja.
Jua limeshatutia mkono begani, halina haraka.
Bwire ameacha kusoma saa yake.

Na ghafla, upepo.
Uwazi wa hatua saba kati ya majabali mawili:
Shingoni.
Upande huu ziwa, upande ule ziwa tena,
kana kwamba tumepanda kutoka majini kwenda majini.
Nkwimba anavua begi, analiweka juu ya jiwe moja
lililofika bega la mtu mzima,
jiwe laini, limebonyea katikati kama mto wa kulalia.
Hajui. Ameliweka tu, kwa sababu lipo hapo.

"Hilo," nasema, "ni jiwe la kutulia mzigo."
Pumzi yangu inasema kabla yangu.

Babu yako Lugembe alipanda hapa na mchanga,
debe kwa debe, ngata ya kanga kuukuu kichwani.
Alikuwa peke yake, hana wa kumtwisha,
kwa hiyo alitua kwenye jiwe la kimo chake
asije akainama.
Nyumba zote zile za upande wa pili
zilipanda kwanza juu ya kichwa cha mtu.
Mimi nilikaa hapa, umri wa miaka sita,
nikitia kifuniko cha soda kwenye kopo kila anapofika.
Vifuniko kumi na vinane siku ya kawaida.
Ishirini na viwili siku ya ada yangu.
Hivyo ndivyo nilivyojua hesabu.

Bwire anatafuna andazi polepole, kwa heshima.

"Alikuwa anapumzika kwa muda gani?"
anauliza Nkwimba, kiganja kwenye lile bonde la jiwe.

Sijui.
Nilihesabu madebe. Sikuwahi kuhesabu pumzi.
Nakumbuka usiku tu, mama na mafuta ya mawese,
vidole vyake nyuma ya shingo ya baba,
na baba asiyeweza kugeuka
kumwambia asante akimtazama.

Saa ya Bwire inasema tumepanda mita mia moja na themanini.

Andazi la saba tukaliacha kwa yule mama,
alikuwa anashuka na ndoo tupu, safari ya nne, alisema,
na akacheka viatu vyetu.

Nikageuza shingo, kushoto, kulia.
Ikalia kidogo.
Tukashuka.